Maneno Yakizunguka, Yaseme Kitu

Siku hizi kila mwanafunzi anayetengeneza ukurasa wa wavuti anataka vitu vyake viruke. Picha zigeuke kama karata mkononi mwa mchezaji, vichwa vya habari vitoke mbali na kutujia usoni, maneno yazunguke kama lile tufe la dunia la darasa la jiografia. Katika mazungumzo yetu ya fakulte kuhusu kuweka msamiati wa lugha za Katanga kwenye intaneti, wazo lililopata makofi mengi lilikuwa hilohilo: mpira wa maneno unaozunguka polepole kwenye kioo cha simu, neno la mbele likiwa kubwa na la nyuma likiwa dogo. Wazo la upande wa pili, lililoungwa mkono na baadhi ya walimu wetu, lilikuwa kwamba tuachane na michezo, tuweke orodha ya alfabeti, basi.

Kwa heshima zote, naona pande zote mbili zimeruka swali lenyewe. Wa kwanza wanapenda mwendo bila kuuliza unasema nini. Wa pili wanaukataa mwendo bila kuuliza unaweza kusema nini. Sisi ni watu wa lugha. Kazi yetu ni kuuliza kila alama inabeba maana gani, na kina cha uongo kwenye kioo cha simu ni alama kama alama nyingine. Hoja yangu ni hii: tukitumia skripti kuiga mwendo wa vipimo vitatu, tuitumie pale tu ambapo jambo tunaloeleza lina kipimo cha tatu kweli, na tuhakikishe maneno yanabaki maneno wakati wote.

Kabla ya kubishana, tukubaliane kwanza jinsi jambo hili linavyofanyika, maana wengi wetu tunalisifu au kulilaani bila kulifungua ndani.

Kioo cha simu ni bapa. Hakina ndani. Kila kipengele cha ukurasa, iwe neno, picha au kisanduku, kina mahali pake kwa namba mbili: umbali kutoka kushoto na umbali kutoka juu. Anayetaka kuiga kina hukipa kila kipengele namba ya tatu, yaani umbali wake kwenda au kutoka kwa msomaji. Namba hiyo haiwezi kuonyeshwa moja kwa moja, kwa sababu kioo hakina pa kuiweka. Kwa hiyo skripti huitafsiri. Huuliza: kama jicho la msomaji lingekuwa umbali fulani mbele ya kioo, kitu hiki kingeonekana kwa ukubwa gani na mahali gani? Jibu linatoka kwa hesabu ya kugawanya tu. Chukua umbali wa jicho, ugawanye kwa umbali huohuo ukitoa namba ya kina. Unachopata ndicho kipimo cha kukuza au kupunguza.

Tuseme jicho liko pikseli 600 mbele ya kioo, na mpira wetu wa maneno una nusu kipenyo cha pikseli 200. Neno lililo mbele kabisa lina kina cha 200: 600 gawanya kwa 400 ni 1.5. Neno lililo nyuma kabisa lina kina cha 200 upande wa hasi: 600 gawanya kwa 800 ni 0.75. Kama herufi zetu ni za pikseli 16, la mbele litaonekana kwa pikseli 24 na la nyuma kwa pikseli 12. La mbele ni mara mbili ya la nyuma, na jicho la binadamu, lililozoea barabara inayopungua upana kadiri inavyokwenda mbali, linakubali mara moja kwamba moja liko karibu na lingine liko mbali.

Kuzungusha nako ni hesabu tuliyoiona sekondari. Skripti huongeza pembe kidogo kidogo, na kwa sini na kosini hubadilishana sehemu ya upana na sehemu ya kina. Neno lililokuwa kulia linaingia nyuma, lililokuwa nyuma linatokea kushoto. Hesabu hii hurudiwa kama mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16 na kitu, na kila mara vipengele vinachorwa upya. Baada ya hapo kuna mambo matatu ya kukamilisha udanganyifu: cha karibu kifunike cha mbali, cha mbali kififie kidogo, na cha mbali kiende polepole kuliko cha karibu. Hayo tu. Hakuna kilichoingia ndani ya simu na hakuna kilichotoka.

Hapa ndipo mwanaisimu anapaswa kukaa vizuri kwenye kiti. Mwaka wa kwanza tulifundishwa mawazo ya Ferdinand de Saussure, yaliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, kwamba katika lugha alama hupata thamani kwa kutofautiana na alama nyingine. Kina cha kwenye kioo kinafanya kazi vilevile. Neno la pikseli 24 haliko karibu kwa lenyewe. Liko karibu kwa sababu jirani yake ana pikseli 12. Ukiliacha peke yake kwenye ukurasa mweupe, halina umbali wowote, ni neno kubwa tu. Ukubwa, mwanga, kasi na kufunikana ni mfumo wa tofauti, na msomaji anausoma kama anavyosoma viambishi. Wachoraji wa Italia waliujua mfumo huo kabla yetu. Leon Battista Alberti aliuandikia kitabu mwaka 1435. Tulichoongeza sisi ni mwendo, na skripti ya kuuendesha.

Kama ni mfumo wa alama, basi unaweza kuwa na makosa ya kisarufi, na mpira wa maneno ni kosa kubwa la namna hiyo. Katika mpira huo, neno fulani liko mbele na jingine nyuma kwa sababu gani? Hakuna sababu. Skripti imeyagawa kwenye uso wa mpira ili yasigongane. Dakika hii neno la Kibemba ni kubwa na la Kisanga ni dogo, dakika ijayo ni kinyume. Msomaji anaambiwa kwa nguvu zote za macho yake kwamba hili ni la karibu na lile ni la mbali, halafu anagundua kwamba ukaribu huo hauna habari yoyote. Tungemfanya nini mwanafunzi anayebandika kiambishi cha ngeli mbele ya kila neno kwa sababu kinapendeza masikioni? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msamiati mzuri haukosi wasomaji kwa sababu umetulia.

Kuna hasara nyingine iliyo nzito zaidi kwetu, na nashangaa kwamba hakuna aliyeitaja. Lugha zetu nyingi zina toni. Chukueni mfano unaojulikana na kila mmoja wetu, hata asiyesoma isimu, kutoka Kilingala: moto bila alama ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni moto unaounguza. Kinachotenganisha mtu na kichwa katika maandishi ni kistari kimoja juu ya herufi ya mwisho. Sasa lipeleke neno motó nyuma ya mpira wetu. Linapunguzwa hadi pikseli 12, linafifishwa ili lionekane liko mbali, na linatembea. Kwenye simu ya bei ndogo iliyopasuka kioo, kile kistari kimekwisha. Kichwa kimekuwa mtu. Tumetumia miaka tukiwashawishi watu kwamba toni ziandikwe, halafu tunatengeneza ukurasa ambao kila neno, kwa nusu ya muda wake, linapoteza toni yake.

Wako watakaosema: basi tuchore maneno yetu kama picha, tuyapambe tutakavyo, tuyazungushe tunavyotaka, picha haipotezi kitu. Hapo nasema hapana kwa sauti kubwa zaidi. Neno lililogeuzwa picha halitafutiki, halinakiliki, na programu inayomsomea msomaji asiyeona haiwezi kulitamka. Faida kubwa ya kuzungusha vipengele vya ukurasa wenyewe, badala ya picha au video, ni kwamba ndani ya kila kipengele bado kuna maandishi. Herufi ɔ yenye alama ya toni juu yake huwekwa kwenye kompyuta kama alama mbili zinazofuatana, herufi kwanza na toni baadaye, na zote mbili zinabaki pale hata neno likigeuzwa nyuzi 360. Mtafiti wa kesho ataweza kuliokota. Ndiyo maana nimesema maneno yabaki maneno.

Historia fupi ya ufundi huu inatuonya jambo hilohilo. Lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo skripti ya kurasa za wavuti, iliundwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995, na toleo la kwanza lilimchukua siku kumi. Kufika mwaka 1997 vivinjari vilikuwa vimeanza kuruhusu skripti isogeze vipengele vya ukurasa, na watu wakaanza kuiga kina kwa kubadilisha ukubwa wa herufi na mahali pake. Ilikuwa kazi ya kukwaruza. Wengi wakahamia kwenye Flash, iliyokuwa na mwendo laini lakini iliyoyafungia maandishi ndani ya sanduku lake. Masomo mengi ya lugha, michezo ya watoto na kamusi za picha zilitengenezwa humo. Kisha kampuni ya Adobe ikasitisha Flash tarehe 31 Desemba 2020, na masanduku hayo yakabaki bila funguo. Kurasa za maandishi matupu za mwaka 1997, ambazo hakuna aliyezisifu, mpaka leo zinafunguka. Wakati huohuo, tangu mwaka 2009, vivinjari vilianza kupata uwezo wa kugeuza vipengele katika vipimo vitatu bila programu ya nje, na leo simu nyingi za kawaida zinafanya hivyo. Kwa hiyo hatuna tena sababu ya kuchagua kati ya mwendo na maandishi.

Nimesema mahali pa mwendo huu ni pale ambapo jambo lina kipimo cha tatu kweli. Je, sisi tunalo jambo la namna hiyo? Tunalo, na liko ukutani mwetu: mchoro wa irabu.

Kila mwaka mwalimu wa fonetiki huchora ile pembe nne ubaoni. Kushoto irabu za mbele, kulia za nyuma, juu za kufunga mdomo, chini za kuufungua. Hivyo ni vipimo viwili. Lakini irabu zina cha tatu, nacho ni midomo: imeviringana au imenyooka. Karatasi haina pa kukiweka, kwa hiyo mchoro wa Alfabeti ya Fonetiki ya Kimataifa unafanya hila: pale palipo na alama mbili pamoja, ya kulia ndiyo ya midomo iliyoviringana. Mwanafunzi anaangalia [i] na [y] zikiwa zimekaa ubavu kwa ubavu na anadhani moja iko mbele kidogo kuliko nyingine. Sivyo. Ulimi uko mahali palepale kwa jumla. Midomo ndiyo iliyobadilika.

Sasa ziweke irabu hizo kwenye ukurasa kama vipengele vyenye namba tatu. Namba ya kwanza ni mbele na nyuma ya kinywa, ya pili ni juu na chini, ya tatu, ile ya kina, ni midomo. Ukiangalia moja kwa moja, [i] na [y] zinafunikana, na huo ni ukweli wa ulimi. Ukizungusha mchoro kwa kidole, zinaachana, na huo ni ukweli wa midomo. Hapa mzunguko unasema kitu ambacho ubao hauwezi kusema.

Tuendelee kidogo, kwa sababu utamu uko mbele. Weka irabu tano za Kiswahili katika mchoro huo na uutazame kutoka juu. Utaona [i] na [e] zimekaa pembe moja, mbele na midomo imenyooka. [u] na [o] zimekaa pembe iliyo mkabala, nyuma na midomo imeviringana. [a] iko katikati, upande wa midomo iliyonyooka. Pembe ya mbele yenye midomo iliyoviringana ni tupu kabisa. Katika Kiswahili, na katika Kibemba vilevile, ukijua kwamba irabu ni ya nyuma umeshajua kwamba midomo imeviringana. Kisha leta irabu za Kifaransa, ambazo tumezisoma tangu shule ya msingi. Ile pembe tupu inajaa: [y] ya neno rue, [ø] ya neno feu, [œ] ya neno peur.

Na sasa tunaweza kueleza kwa macho jambo tunalolisikia kila siku mjini. Bureau kwetu ni biro. Minute ni miniti. Kwa nini [y] ya Kifaransa imekuwa [i] na haikuwa [u], ingawa inaandikwa kwa herufi u? Zungusha mchoro. [y] inasogea katika mstari mnyoofu wa kina, bila kuhama kwenda nyuma wala kushuka, mpaka inaikuta [i]. Ulimi umebaki mahali pake, midomo tu ndiyo iliyonyooka. Kwenye ubao, mwendo huo hauonekani kabisa, kwa sababu unatokea katika kipimo ambacho ubao hauna. Kwa mfano huu mmoja ningewapa wapenda mwendo haki yao yote, na ningewaomba walimu wetu wasiuite mchezo.

Kazi hii pia inahitaji mwanaisimu, si fundi wa kompyuta peke yake, kwa sababu ya lugha ya mielekeo. Mara tu kitu kinapoanza kwenda na kurudi katika kina, unahitaji vitufe, na vitufe vinahitaji maneno. Wengi huandika mbele na nyuma. Mbele wapi? Katika kitabu, ukurasa wa mbele ni ule unaofuata. Katika kioo chenye kina, mbele ni kuja kwa msomaji au kumkimbia? Mtu akituelekeza njiani kwamba nyumba iko mbele ya kanisa, mara nyingi tunamuuliza tena: kabla ya kulifikia au baada ya kulipita? Clifford Hill, aliyechunguza Kihausa, alionyesha kwamba wasemaji wengi wa lugha hiyo hukiita cha mbele ya mti kile kilicho upande wa pili wa mti, kana kwamba mti nao unatazama kule anakotazama msemaji. Mwingereza angekiita cha nyuma. Hakuna aliyekosea. Kila lugha ina namna yake ya kuupa mti uso.

Na uso huo unatoka mwilini. Bernd Heine na wenzake wamefafanua jinsi lugha za Afrika zinavyochota maneno ya mahali kutoka kwenye viungo vya mwili. Neno letu mbele linahusishwa na shina la kale la Kibantu lenye maana ya titi, na anayejua mabele ya Lubumbashi au amabele ya Kibemba hahitaji kamusi ili kuliona. Fundi aliyezaliwa ndani ya lugha nyingine ataandika kitufe kwa kutafsiri, na msomaji wetu atabonyeza upande usio. Mimi ningependekeza leta karibu na peleka mbali. Hayo hayana utata, kwa sababu yanampima kila mtu kutoka mahali anapokaa yeye mwenyewe.

Kuna jambo la ngeli pia. Tuna pa, ku na mu: juu ya mahali, kuelekea mahali, ndani ya mahali. Kibemba kinasema pa ng'anda, ku ng'anda, mu ng'anda, na Kiswahili chetu cha Lubumbashi kimeshika njia hiyohiyo kwa kusema ku nyumba na mu nyumba, wakati Kiswahili cha pwani kinasema nyumbani na kuziacha ngeli tatu zijitokeze katika upatanisho. Ukurasa wa kawaida ni pa. Vitu viko pale, juu ya uso. Skripti inayoiga kina inaugeuza kuwa mu: sasa vitu vimo mle, na kuna vingine nyuma yake. Ni badiliko la ngeli. Mwandishi wa ukurasa anayesema mfumo mmoja kwa macho na mwingine kwa maneno anamchanganya msomaji bila yeye mwenyewe kujua kwa nini.

Najua pingamizi zitakazokuja, nami nizijibu zile zenye uzito.

La kwanza ni mega. Mwanafunzi anayenunua mega kidogo kidogo hatazimaliza kwa kuangalia irabu zikicheza. Ni hoja ya haki, lakini tuipigie hesabu. Video ya dakika moja, kwa kasi ndogo ya megabiti 1 kwa sekunde, ni megabiti 60, yaani megabaiti 7.5. Skripti ya mistari 50, yenye herufi 40 kila mstari, ni herufi 2,000, yaani kama kilobaiti 2. Simu inapakua maelezo tu, halafu inafanya hesabu yenyewe. Ikishaupokea ukurasa, inaweza kuuzungusha mchana kutwa bila kuomba mega nyingine. Kinachokula mega ni desturi ya kubandika maktaba nzima ya programu za watu ili kuzungusha vitu kumi. Tusibandike. Tuandike mistari yetu hamsini.

La pili ni betri, na umeme wetu mnaujua. Hapa kuna uandishi mzuri na uandishi mbovu. Skripti inayobadilisha ukubwa wa herufi na mahali pake inakilazimisha kivinjari kuupanga ukurasa upya kila mara. Inayotumia amri za kugeuza na kukuza inaiachia kazi hiyo sehemu ya picha ya simu, ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyo. Na inayoomba kuitwa na kivinjari kila kinapokuwa tayari kuchora hupumzika msomaji anapohamia ukurasa mwingine, wakati inayopigiwa saa kwa nguvu huendelea kuhangaika. Bora zaidi, mchoro wa irabu hauna haja ya kuzunguka wenyewe. Uzunguke kidole kinapousukuma, na utulie kinapouacha.

La tatu ni afya ya wasomaji. Wako watu wanaopata kizunguzungu wakiona vitu vikizunguka, na simu zao zina mpangilio wa kuomba mwendo upunguzwe. Ukurasa unaweza kuusoma mpangilio huo na kutii. Miongozo ya kimataifa ya kurasa zinazofikiwa na wote inataka kitu kinachoanza kutembea chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5, kikiwa pamoja na maandishi mengine, kiwe na njia ya kusimamishwa. Ni adabu ya kawaida. Anayeongea na mtu mwenye kusikia kwa shida hupunguza kasi bila kuambiwa mara mbili.

La nne, ndilo linalonigusa zaidi, ni kwamba hii si kazi ya fakulte ya lugha. Wanasema tuwaachie wa sayansi ya kompyuta. Najibu hivi: hatukuwaachia wapiga chapa kuamua tahajia zetu, na pale ambapo tuliwaachia wengine tunajutia mpaka leo, maana tuna vitabu vya maneno ya Kibantu vilivyochapishwa bila toni kwa sababu mashine ya wakati ule haikuwa na alama. Aliyeshika mashine ndiye aliyeamua ni nini katika lugha yetu kitaonekana. Skripti ni mashine ya leo. Mistari hamsini si mingi kuliko ufafanuzi wa upatanisho wa ngeli moja, na mtu aliyeweza kuandika kanuni za fonolojia kwa mishale na mabano hashindwi kuandika kwamba kina kinapokuwa hasi, neno lipungue.

Kwa hiyo napendekeza mambo haya kwa kamati itakayoutengeneza ukurasa wetu. Msamiati uwe orodha iliyotulia, yenye herufi kubwa za kutosha kuonyesha kila toni, na yenye mahali pa kutafuta. Mchoro wa irabu uwe wa vipimo vitatu, na usisogee mpaka msomaji ausogeze. Kila kinachogeuka kiwe na maandishi hai ndani yake. Maneno ya vitufe yapitishwe kwanza mbele ya wasemaji, wa mjini na wa vijijini, waulizwe wanaelewa nini. Na ukurasa wote ujaribiwe kwenye simu ya zamani kuliko zote iliyopo katika promosheni yetu, si kwenye kompyuta ya aliyeutengeneza.

Kwa ndugu zangu wanaopenda mpira wa maneno nina swali moja tu la kuwaachia. Neno la bibi yako, lile ambalo hulisikii tena mjini na ambalo umesafiri kilometa nyingi kulirekodi, likiwa nyuma ya mpira, dogo, limefifia, halina toni: umelihifadhi, au umelificha?